Je, Biashara Hufundishika?



Majuma mawili yaliyopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia binti mmoja wa mtaani kwetu, mama wa watoto watatu, ambaye kila asubuhi huuza mahamri na mbaazi barazani kwa mamake. Mkononi alikuwa na daftari, na cheti kilichotiwa ndani ya plastiki kisipate madoa ya mafuta. Miezi minne nyuma chama chao cha kina mama kiliwalipia yeye na wenziwe kumi na mmoja mafunzo ya ujasiriamali, siku tatu katika ukumbi mmoja wa mjini. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliowahimiza waende, hata nikawaombea dua ya kufungulia. Nilidhani amekuja kunishukuru.

"Maalim," akaniambia, "hesabu zangu sasa ziko sawasawa. Zamani pesa zikipotea sikujua zinakokwenda. Sasa najua, na bado zinakwenda."

Akanifungulia daftari. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka: unga, sukari, nazi, mafuta, mbaazi, mkaa, mauzo ya kila siku, na upande wa matumizi, karibu kila wiki, neno moja limejirudia: tuktuk. Mumewe ana tuktuk. Mara tairi, mara faini, mara betri. Nilipofunga daftari lile sikuwa na la kumjibu, nikamwambia anipe muda.

Muda wenyewe si mrefu. Chama kimekusanya tena shilingi elfu sitini, nao wanataka kurudia mafunzo yale yale kwa kundi la pili. Kikao cha kuamua ni Jumamosi hii, na wameniomba rai. Shilingi elfu sitini za wauza mahamri si pesa ndogo. Kila shilingi ndani yake imeamkiwa saa kumi za alfajiri.

Nina mpwa wangu asomaye biashara katika chuo kikuu. Nikamwomba aniletee waliyoyaandika watu wa fani yake juu ya suala hili: je, biashara hufundishika, na kama hufundishika, ni kitu gani hasa kifundishwe? Akaniletea makaratasi ya kutosha kufungia bajia za mwezi mzima. Nimeyasoma kwa miwani na kamusi, na pale nilipokwama alinisomesha yeye. Zamu zimegeuka, mimi ndiye niliyemshikisha alifu.

Nilikuwa nikidhani kwamba skuli za biashara za vyuo vikuu ni mahali pa kuwafundisha watoto wa matajiri namna ya kufunga tai. Kumbe wamo miongoni mwa walimu wao, pamoja na wenzao wa uchumi, watu ambao kwa miaka ishirini sasa wamekuwa wakitembea masokoni kwa wauza nguo, wasusi na wapika chakula, wakiuliza kwa subira ni nini kinachomkuza mmoja na kumwacha mwingine palepale. Njia yao inanipendeza. Mwenye kuuza mafunzo hukuletea wahitimu watatu waliofanikiwa, wakatoa ushuhuda, nawe ukaridhika. Watafiti hawa hawaridhiki. Husema, huenda watatu wale wangefanikiwa hata bila ya mafunzo, kwa kuwa mwepesi wa kujiandikisha ndiye pia mwepesi wa kuuza. Kwa hiyo huwaandikisha wote wanaotaka, kisha hupiga kura: hawa wafunzwe, hawa wasifunzwe. Kura haimjui mwerevu wala mvivu. Makundi huanza yakiwa yanalingana, na tofauti itakayoonekana baadaye ina haki ya kuitwa matunda ya mafunzo.

Utafiti ulionishughulisha zaidi ulifanywa Lomé, mji mkuu wa Togo, Afrika ya Magharibi. Mji wa bahari kama huu wetu, uliowahi kuvuma kwa wanawake wafanyabiashara wa vitambaa waliotajirika hata wakapewa jina la Nana Benz, kwa magari waliyoyanunua. Lakini waliochunguzwa hawakuwa hao matajiri. Walikuwa wenye biashara ndogo 1,500, wakagawanywa kwa kura makundi matatu ya watu 500. Kundi la kwanza lilipewa mafunzo ya kawaida, yale yale aliyoyapata binti wa mahamri: hesabu, fedha, masoko, namna ya kuajiri. Kundi la pili likapewa mafunzo ya namna nyingine, nitakayoyaeleza. Kundi la tatu halikufunzwa kitu. Makundi mawili yaliyofunzwa yalisoma muda uleule, nusu siku mara tatu kwa wiki kwa muda wa wiki nne, na baadaye mwalimu akawatembelea kila mwezi kwa miezi minne penye biashara zao.

Watafiti wakawafuatilia kwa zaidi ya miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Waliofunzwa hesabu na masoko, faida yao ilizidi ya wasiofunzwa kwa asilimia 11. Na kwa mizani ya wataalamu tofauti hiyo ilikuwa dhaifu, haikuweza kutenganishwa na bahati tu. Kundi la pili faida yao ilizidi kwa asilimia 30. Na kwa wanawake peke yao, mafunzo ya kawaida yaliongeza kama asilimia 5, na yale mengine asilimia 40.

Je, hayo mafunzo mengine ni yapi? Yalitungwa na mtaalamu wa saikolojia wa Kijerumani, Michael Frese, aliyesomesha katika skuli ya biashara ya chuo kikuu cha taifa cha Singapore na katika chuo cha Lüneburg kwao Ujerumani. Tuyaite mafunzo ya kujituma. Hayamfundishi mtu kujumlisha. Humfundisha kuanza jambo kabla hajaambiwa. Kutazama mbele na kujiandaa kwa tatizo na kwa fursa kabla hazijafika. Kutofanya lile lile alifanyalo jirani. Na njia moja ikizibwa, atafute ya pili na ya tatu. Wanafunzi hawakuandika tu haya daftarini. Walipewa kazi ya kuyatenda katika biashara zao wenyewe, wakarudi wakaeleza.

Chanzo cha fikra hii kina mafundisho ya peke yake. Ukuta wa Berlin ulipoanguka na Ujerumani mbili zikaungana, Frese na wenzake walikwenda mji wa Dresden, upande wa mashariki, wakalinganisha wafanyakazi wa huko na wa magharibi. Wakaona wale wa mashariki wana upungufu wa kujianzishia mambo. Je, damu ya watu wa mashariki ilikuwa tofauti? Ni taifa moja, lugha moja. Sababu waliyoiona ni kwamba watu wale walikuwa wamefanya kazi ambazo kila jambo limekwisha kuamuliwa na wengine, hawana hiari wala nafasi ya kubuni, na moyo wa kujianzishia ukafifia kama msuli usiotumiwa. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini. Nilikumbuka mabanati wangapi tumewalea kwa kuwaambia ngoja uambiwe, kisha wakiwa na miaka thelathini, na watoto wa kulisha, tunawashangaa hawabuni kitu.

Kabla ya Lomé, mafunzo haya yalijaribiwa jirani zetu Kampala kwa wenye biashara wapatao mia moja, nako yakazaa matunda. Si mambo ya mbali.

Ubunifu, basi, msidhani ni mashine wala programu za simu. Husimuliwa habari ya mama mmoja wa Lomé aliyekuwa akikodisha magauni ya arusi. Baada ya mafunzo akafungua duka akaongeza na shela na glavu, kwa kuwa bibi arusi akishapata gauni hutafuta vya kulikamilisha, na mpaka siku hiyo alikuwa akivifuata kwa mwingine. Basi. Huo ndio ubunifu. Sasa tutazame mtaani kwetu. Baina ya msikiti na barabara kuu nimehesabu meza sita za viazi karai, zote hufunguliwa saa kumi na moja jioni, zote zina ukwaju uleule na bei ileile, na zote hulalamika kwamba biashara imelala. Ni nani katika sita hao aliyewahi kujiuliza vijana wanaotoka zamu ya usiku bandarini hula nini saa kumi na mbili asubuhi? Ni nani aliyemuuliza mwalimu mkuu wa skuli yetu walimu wake hunywa chai na nini? Sisemi kwa kuwakejeli. Viazi vyao ni vitamu, na tumbo langu ni shahidi. Nasema kwa kuwa hakuna daftari litakaloonyesha mteja ambaye hukumfuata.

Hapa kuna hofu inayozungumzwa kwa sauti ya chini katika vyama vya kina mama: huyu akiinuka, mwenzake ataanguka, maana wateja ni wale wale. Jambo hili nalo limechunguzwa, tena hapa Kenya. Wanawake 3,537 wa masoko ya mashambani katika kaunti za Kakamega, Kisii, Embu na Kitui walishirikishwa, baadhi yao wakapewa mafunzo. Baada ya miaka mitatu mauzo ya waliofunzwa yalikuwa yamezidi kwa asilimia 18 na faida kwa asilimia 15, na wenzao wa masoko yale yale ambao hawakufunzwa hawakuonekana kupata hasara. Soko lenyewe lilipanuka. Nanyi mnaona pia kwamba mafunzo ya huko yalikuwa ya darasani, na yalifaa. Kwa hiyo nisije nikaonekana nalidharau daftari. Asiyejua kuandika deni atalisahau, au atalidai mara mbili.

Sasa nije Dandora, Nairobi, mtaa ambao wengi wetu tunausikia kwa jalala lake tu. Huko watafiti watatu kutoka vyuo vya Marekani waliwagawa kwa kura wanawake wenye biashara changa. Baadhi wakapelekwa darasani. Baadhi wakaunganishwa kila mmoja na mwanamke mzoefu wa mtaa uleule, mwenye biashara ya namna ileile, wawe wakionana na kuzungumza. Wa darasani walibadilisha kidogo namna ya kuendesha mambo, lakini faida yao haikusogea. Waliounganishwa na wazoefu faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Na siri yake haikuwa elimu kubwa. Yule mzoefu alijua wapi bidhaa hupatikana kwa bei nafuu, akamwonyesha mwenziwe. Habari kama hiyo haimo katika kitabu chochote, kwa kuwa mwenye kuandika kitabu haishi Dandora.

Lakini sikilizeni na mwisho wake. Jozi zilipoanza kuachana, huyu kahama, yule kachoka kupokea wageni, faida nayo ikapungua. Bei za masoko hugeuka, na aliyeelekezwa mara moja hajui ya leo. Mimi niliyesoma chuoni kwa kukaa mbele ya mwalimu miaka kumi na moja nililielewa hilo mara moja. Siku tatu ukumbini si suhuba.

Nimebakisha jambo moja, nalo ndilo lililonikosesha usingizi, kwa kuwa ni la neno lile lililojirudia katika daftari.

Kwa muda mrefu watafiti walikuwa wakishangazwa na matokeo ya Sri Lanka. Huko wenye biashara ndogo walipewa kwa kura ruzuku, rupia 10,000 au 20,000, pesa au bidhaa. Biashara za wanaume zikapanda faida. Za wanawake, kwa wastani, hazikupanda hata kidogo. Wapo waliokimbilia kusema kwamba mwanamke hana kipaji cha biashara, au amechagua biashara duni. Mwaka 2019 wanawake wanne wachumi, mmoja wao Natalia Rigol wa skuli ya biashara ya Harvard, walitoa utafiti wenye jibu jingine. Walizirudia takwimu za Sri Lanka, na za India na Ghana, wakauliza swali ambalo halikuwa limeulizwa: ndani ya nyumba ile, kuna biashara nyingine? Ikadhihirika kwamba pale ambapo mume naye ana biashara, mtaji aliopewa mke uliingia katika biashara ya mume. Na pale ambapo biashara ya mke ndiyo pekee nyumbani, mtaji ulizaa faida kubwa. Kipaji kilikuwepo. Mtaji ndio haukuwepo. Ulikuwa umeshavuka ukumbi ukatoka.

Sitaki kumdhulumu mtu. Utafiti huo huo unasema kwamba pato la nyumba nzima liliongezeka sawasawa, apewe mke au apewe mume. Pesa hazikupotea. Wengine watauliza, basi malalamiko ya nini, si nyumba ni moja? Hili si la watafiti kulijibu, na kwetu sisi halina utata. Mali ya mke ni mali yake. Mwanafunzi wa fikihi hulisoma hilo mapema, na mume akichukua, ama ni zawadi itokayo katika moyo radhi au ni deni la kulipwa. Mwenye mahamri hakuulizwa kama ni zawadi. Wala haikuandikwa kuwa ni deni. Ilikuwa "nipe mia tano, tuktuk imelala," basi.

Nami nina sehemu yangu katika hili. Mwaka jana wawili hawa walinijia na mzozo wa matumizi. Nilimwambia mke, mbele ya mumewe, amsaidie mwenziwe kwa kuwa kazi za mjini ni ngumu. Sikuuliza ni kiasi gani, wala sikuuliza mtaji wa unga unatoka wapi. Nilitoa hukumu bila ya kuona daftari. Na kweli, wakati huo hakukuwa na daftari. Nimekwenda kwao wiki hii nikalisema hilo kwa wote wawili. Mume si mtu mbaya. Alipoonyeshwa jumla ya miezi minne, shilingi elfu kumi na tisa na kitu, alinyamaza kitambo, kisha akaomba kuhesabu mwenyewe. Alihesabu mara mbili. Wamekubaliana kwamba kuanzia sasa kinachotoka kwenye mahamri kuingia kwenye tuktuk kiandikwe katika ukurasa wake, na kilipwe kila Ijumaa kwa kadiri atakavyoweza. Tutaona. Mwezi mmoja si ushahidi, na ukurasa wenyewe bado mweupe.

Rai yangu kwa kikao cha Jumamosi, ili isemwe mbele ya wote na wenye kuipinga waipinge, ni hii. Tusirudie siku tatu za ukumbini kwa pesa zote. Theluthi moja itoshe kuwafundisha hesabu wasiozijua, hapa hapa madrasani, jioni. Mwalimu wa hesabu tunaye, na hakodishi ukumbi. Zinazobaki zitumike kuwalipia nauli na muda kina mama wazoefu wanne au watano wakubali kila mmoja kuchukua vijana wawili, kwa mwaka mzima, wala si kwa mwezi. Na kila anayejiunga aje kikao cha kwanza na mumewe, au na kakake, au na yeyote aombaye pesa katika nyumba ile.

Nimekwisha kumwendea mmoja wa wazoefu hao, bibi yetu wa achari na kachiri, ambaye ameuza kabla mimi sijaota ndevu. Alinisikiliza habari zote za Lomé na Dandora huku akimenya maembe. Akaniuliza kama hao watu wa vyuo vikuu walilipwa kwa kugundua haya. Nikamwambia naona walilipwa. Akacheka, akakubali kumchukua binti wa mahamri na mwenziwe mmoja, kwa masharti mawili: wawe wamefika soko la Kongowea kabla ya jua kuchomoza, na waje na vikapu vyao wenyewe.